Uzi maalumu: Tuliopata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu na sasa tuko kwenye vidonge vipya

Mtembezi wa Kihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimezunguka humu jukwaani nikakuta uzi wa kisukari, wa presha, wa vidonda vya tumbo, na wa nguvu za kiume ndiyo usiseme. Wa watu walioganda damu sijauona. Basi naufungua mimi.

Kisa changu kwa ufupi. Bodaboda iliniangusha, nikavunjika mguu chini ya goti, nikafungwa hogo. Wiki zikapita, paja likaanza kujaa na kuuma, nyumbani wote wakasema hogo limebana. Halafu kikaja kichomi upande wa kulia. Zahanati wakaniandikia dawa za nimonia. Usiku uliofuata, kutoka kitandani hadi mlangoni tu nilikuwa natweta, moyo mbio, na makohozi yana damu. Hospitali kubwa wakanipitisha kwenye CT ya kifua, ile unayochomwa dawa mshipani kwanza, wakakuta mabonge kwenye mapafu yote mawili. Ultrasaundi ya mguu ikaonyesha yalikotoka. Nikawekwa oksijeni na sindano za tumboni, kisha nikahamishiwa vidonge vya rivaroksabani, nikaruhusiwa.

Wodini walinihudumia vizuri, sina neno. Kilichonipa tabu ni kurudi nyumbani. Unatoka na boksi la dawa na karatasi yenye tarehe ya kliniki, basi. Ukifika, ngazi tatu za barazani zinakumaliza pumzi, jioni mguu umejaa, mama mkwe kaleta mafuta ya kuchua, na jirani anasema wenye ugonjwa huo huanguka ghafla. Usingizi utautoa wapi?

Nimeuliza uliza hadi nikaelewa jambo moja ambalo nadhani kila mgonjwa angeambiwa kabla hajavuka geti la hospitali. Vidonge hivi haviyeyushi bonge. Vinalizuia lisikue na vinazuia mengine yasitokee. Anayelimaliza bonge ni mwili wenyewe, taratibu, kwa wiki na miezi. Mara nyingine halibaki kitu, mara nyingine hubaki makovu ndani ya mshipa. Kwa hiyo unaweza kuwa bado unatweta na mguu bado unajaa huku dawa inafanya kazi yake sawasawa. Asiyelijua hili ataona dawa imeshindwa, ataiacha, na hapo ndipo hatari ilipo.

La pili ni chakula. Rivaroksabani ya miligramu 15 na ya miligramu 20 humezwa pamoja na chakula, na nikisema chakula nina maana ya sahani, si chai ya rangi na nusu andazi. Ya 20 ukiimeza tumbo tupu, mwili unaambulia kama theluthi mbili tu ya dawa. Ratiba ni wiki 3 za mwanzo miligramu 15 mara mbili kwa siku, baada ya hapo 20 mara moja kwa siku. Siku ya kuhama ndiyo inayochanganya watu, iandikeni ukutani.

Nawakaribisha wenzangu. Mguu wenu ulichukua muda gani? Mnaikabili vipi hofu ya usiku? Na wanaojua dawa watusaidie.

---

BintiPangani

Pole sana kaka Mtembezi. Na mimi ni wa humo humo, mguu wa kushoto, kinena hadi kifundo. Sikuvunjika popote, sikusafiri, nilikuwa natumia vidonge vya uzazi wa mpango tu, vile vyenye estrojeni. Daktari alivikatisha siku ile ile.

Mimi nilianza rivaroksabani kama wewe, ila wanaume hamtalijua hili: hedhi ilikuja kama imefunguliwa bomba. Siku saba, nane, mabonge, kizunguzungu. Nikipima damu nimeshuka. Nikaona aibu kumwambia daktari kijana wa kiume, mwisho nikamwambia. Akanihamishia apiksabani, akaniongezea madini ya chuma. Sasa naishi. Dada zangu mlio kwenye hizi dawa, semeni. Haina maana kumaliza bonge la mguu ukabaki na upungufu wa damu.

Jingine: kwenye vidonge hivi vipya mimba haitakiwi, havifai kwa mtoto tumboni. Usikatishwe vidonge vya majira ukabaki hivi hivi. Uliza kuhusu kijiti au kitanzi.

---

Saumu Tiba

Mnakula makemikali ya wazungu bure. Kitunguu saumu punje mbili alfajiri, tangawizi, mdalasini na asali, damu inakuwa nyepesi yenyewe. Mnaohitaji mchanganyiko kamili njooni PM.

---

Mfamasia Mstaafu

Saumu Tiba, biashara yako ifanyie uzi mwingine. Bonge la kwenye pafu linaua. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi mgonjwa ale apendavyo, hakuna aliyekatazwa pilau. Vidonge na unga wa saumu uliokolezwa, ukichanganya na dawa hizi, vinaweza kuongeza kutoka damu, na ukivitumia peke yake havitoshi kumkinga mtu aliyekwisha ganda.

Sasa wanangu, nieleze kidogo kwa sababu nimekaa kaunta miaka mingi.

Zamani tulikuwa na warfarini peke yake. Asili yake ni kichekesho: miaka ya 1920 huko Marekani Kaskazini ng'ombe walitokwa damu hadi kufa kwa kula majani yaliyoota ukungu, wanasayansi wa Wisconsin wakaichambua sumu yenyewe, ikazaa dawa ya panya mwaka 1948, na kufikia 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi, ila ni ya kupima damu kila mara, kile kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwa mwenye bonge hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Ukila kisamvu na mchicha kwa fujo wiki hii, wiki ijayo ukaacha, namba zinayumba.

Hizi mpya, yaani dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani, zilianza kuruhusiwa Marekani kuanzia 2010, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hazihitaji INR. Mboga kuleni. Lakini zina tabia moja ambayo warfarini haina: zinaondoka mwilini haraka. Warfarini ukiikosa siku moja bado ipo ipo. Hizi, ukikosa kwa siku nzima, kinga imekwisha. Ndiyo maana sipendi mtu anayenunua vidonge vya siku mbili halafu anasubiri mshahara.

Ukisahau, fanya hivi. Rivaroksabani ya mara mbili kwa siku, wiki zile 3 za mwanzo: meza mara ukumbukapo, hata viwili kwa pamoja, ilimradi siku hiyo utimize miligramu 30. Ukishahamia ya mara moja kwa siku: meza siku hiyo hiyo ukikumbuka, kesho yake usimeze viwili. Apiksabani: meza ukikumbuka siku hiyo, endelea na ratiba, usirundike.

Na dawa zinazogombana nazo. Hapa nyumbani kubwa ni rifampisini ya kifua kikuu. Inaiondoa dawa yako mwilini kabla haijafanya kazi, unameza kila siku na bado huna kinga. Wanaotumia fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini kwa kifafa, hali ni hiyo hiyo. Kwa wenzetu wa ARV: dozi ya sasa yenye dolutegraviri haina ugomvi nazo, ila dozi za mstari wa pili zenye ritonaviri huipandisha dawa hadi mtu akatokwa damu. Watu wanaficha ARV zao kwa daktari wa mguu. Msifiche. Daktari akijua, atachagua njia nyingine.

Halafu diklofenaki. Kila duka la dawa wanakupa diklo, mgongo diklo, jino diklo. Pamoja na ibuprofeni na aspirini, mtu aliye kwenye vidonge hivi akae nazo mbali mpaka daktari wake aseme. Maumivu ya kawaida, parasetamoli. Na sindano za makalioni zikatae, zinaweza kuvujisha damu ndani ya msuli.

---

Mzee wa Vali

Shikamoo mzee mwenzangu, au nikupe marahaba, sijui nani kamzidi mwenzake. Mimi nina vali ya chuma, nimefungiwa kwa sababu ya baridi yabisi ya moyo. Niko warfarini. Kila nikisoma hizi habari za dawa isiyo na INR natamani. Nauli tu ya kwenda kupima imenichosha. Naweza kuhama?

---

Mfamasia Mstaafu

Marahaba, na shikamoo pia, tugawane.

Hapana, mzee wangu. Kwa vali ya chuma dabigatrani ilijaribiwa, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa walizidi kuganda na walizidi kutoka damu. Matokeo yalitoka 2013. Na hata wasio na vali ya chuma, wale ambao baridi yabisi imebana tundu la moyo na mapigo hayana mpangilio, utafiti wa INVICTUS wa 2022, ambao uliwahusisha wagonjwa wa Afrika pia, ulionyesha warfarini iliwafaa kuliko rivaroksabani. Kundi jingine ni wenye ugonjwa wa kinga unaogandisha damu, wanaoitwa wa antifosfolipidi. Wale ambao vipimo vyao vyote vitatu vimesoma, warfarini ndiyo yao. Kipya si lazima kiwe bora kwa kila mwili. Endelea na nauli, mzee.

---

KijanaWaKaratasi

Nafuatilia kwa ukaribu. Baba yangu yuko wodini sasa hivi na hili hili.

---

Mkojani wa Kisauni

Assalamu alaykum. Mimi niko Mombasa. Nilipata kwenye pafu, niko apiksabani: siku 7 za mwanzo miligramu 10 mara mbili, sasa ni 5 mara mbili. Hii haina sharti la chakula, hilo nimelipenda.

Nina mawili. Moja, ami yangu ni mtu wa hijama, anasema nikaumikwe damu chafu itoke, mguu utapona. La pili ni saumu, Ramadhani yaja.

---

Nesi wa Muscat

Waalaykum salaam kaka. Mimi ni Mzanzibari, nauguza huku Muscat, wodi yetu haikosi wagonjwa wa aina yako.

Hijama ngoja. Kuchanjwa ngozi ukiwa kwenye dawa hii damu haitasimama kama ulivyozoea, na bonge liko ndani ya mshipa mkubwa, kikombe hakilifikii. Mwambie ami kwa adabu kwamba daktari amezuia kwa sasa. Na kuchua kwa nguvu mguu uliojaa, hasa wiki za mwanzo, pia msikubali. Kaka Mtembezi, mafuta ya mama mkwe yapokee, mshukuru, yaweke kabatini.

Saumu: kwenu na kwetu Unguja mfungo ni kama saa 13 na ushei mwaka mzima, kwa hiyo apiksabani ya daku na ya futari haziachani vibaya. Rivaroksabani ya mara moja unaweza kuifuata na futari, chakula kipo cha kutosha. Lakini zile wiki za mwanzo za dozi kubwa mimi kama muuguzi sikushauri kufunga, na dini imekupa ruhusa ya mgonjwa. Ongea na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, figo zako azitazame pia, maana dawa hizi figo zina kazi ya kuzitoa.

Sasa niseme la soksi, maana hamjaligusa. Zile za kubana watu wanazinunua kwa kukisia, zinakata nyuma ya goti, zinatupwa. Pima mguu asubuhi kabla haujajaa, vaa chini ya goti, vua ukilala. Utafiti mkubwa wa SOX uliochapishwa 2014 ulionyesha hazizuii ule mguu mzito wa kudumu unaobaki baada ya bonge, kwa hiyo usimwone mtu asiyevaa kuwa mzembe. Lakini kama zinakupunguzia uzito wa jioni, vaa. Huku kwenye joto letu wengine wanavaa saa za kazi tu, na hakuna ubaya. Kutembea ndiyo kwenyewe. Zamani tulimlaza mgonjwa asisogee, siku hizi akishaanza dawa na hali ikiruhusu anainuka.

Na andikeni kikaratasi kwenye pochi: jina la dawa, dozi, na sababu. Ukianguka na pikipiki huwezi kujieleza. Ukigonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajiona mzima. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, kichwa kinachouma ghafla usivyozoea: usingoje asubuhi. Na upande wa pili, pumzi ikikata ghafla au mguu ukajaa upya, ni hivyo hivyo.

---

Mama Pacha

Pole zenu jamani. Mimi ilinipata baada ya upasuaji wa kujifungua. Nilitaka hivi vidonge vipya kwa kuwa shoga yangu anavyo, daktari akakataa kwa sababu nanyonyesha. Nikapewa sindano za tumboni kisha warfarini, hizo haziwadhuru watoto wanaonyonya. Wenye wachanga muulize kabla ya kuazimana dawa. Shoga yangu alikuwa tayari ameshanitolea vidonge vyake kwenye kikopo!

Mnamkumbuka Serena Williams? Baada ya kujifungua 2017 alikosa pumzi, akawaambia wauguzi mwenyewe kwamba anataka CT na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu alishawahi kuugua mapafu hayo 2011. Mimi nilipokuwa wodini nilimtaja yeye ndipo nikasikilizwa.

---

Mtembezi wa Kihonda

Ahsanteni sana, sikutegemea uzi uende hivi. Mafuta yako kabatini, Nesi.

Mrejesho wangu. Pumzi zimerudi, ila si kwa mstari ulionyooka. Wiki nzuri, halafu siku mbili mbaya, halafu nzuri tena. Kichomi kikirudi kidogo nilikuwa nakimbilia hospitali nikiwa nimeshajiandikia wosia kichwani, wananipima oksijeni, iko sawa, nasindikizwa. Daktari wa kliniki ndiye aliyenituliza: sehemu ya pafu iliyokosa damu ina kidonda chake, na kidonda kinauma kikipona. Akanipa kipimo changu cha nyumbani: nitembee hadi nguzo ya umeme fulani, niangalie kila wiki kama nasimama kupumzika mapema zaidi au mbali zaidi. Namba ya leo ilinganishwe na ya wiki iliyopita, si ya jana.

Alinieleza pia kwamba mtu akimaliza miezi 3 ya dawa na bado anatweta kwa kazi ndogo, asiambiwe ni woga. Apigwe eko ya moyo, kwa sababu wachache, kama 2 hadi 4 katika kila 100, mabonge hugeuka makovu na presha ya mishipa ya mapafu inapanda, na huo una matibabu yake mengine.

Kuhusu woga wenyewe: upo, msijione wajinga. Kilichonisaidia mimi ni kuongea na mke wangu mchana, maana usiku kila kitu ni bonge.

---

Chupuchupu

Mnaongea vizuri ila hakuna aliyegusa bei. Mimi hizi dawa zinanila. Nimemaliza miezi mitatu, nataka kuacha, niko fresh.

---

Mfamasia Mstaafu

Swali kwanza: bonge lako lilikuwa na sababu? Kama Mtembezi, mguu ulivunjika, hogo, sababu imepita, mara nyingi miezi 3 inatosha. Kama lilikuja tu bila sababu, au una saratani, au ni mara ya pili, hesabu ni tofauti, wengi huambiwa waendelee. Ila baada ya miezi 6 dozi inaweza kushushwa: apiksabani 2.5 mara mbili, rivaroksabani 10 mara moja, na hiyo ya 10 hata sharti la chakula halina. Kwa hiyo kujisikia fresh si kipimo. Wenye presha pia hujisikia fresh.

Bei ikikushinda, kamwambie daktari hivyo hivyo, "sina uwezo". Kuna za viwanda vya India ambazo ni nafuu kuliko Xarelto (rivaroksabani) na Eliquis (apiksabani) zenyewe, nunua kwenye famasi iliyosajiliwa. Na warfarini ipo. Warfarini unayoimudu kila siku inakukinga kuliko apiksabani ya siku tatu kwa wiki. Ila usihame mwenyewe: warfarini inachukua siku kadhaa kushika, na katika siku hizo lazima uwe umefunikwa na kitu kingine. Uhamisho huo daktari ndiye anaupanga.

---

Chupuchupu

Lilikuja tu, mzee. Nimekuelewa. Jumatatu naenda.

---

BintiPangani

Na jino? Nina gego linanisumbua, fundi meno wa mtaani anasema niache dawa wiki nzima.

---

Mfamasia Mstaafu

Wiki nzima hapana! Jino moja la kawaida mara nyingi hung'olewa bila kuacha dawa, au kwa kuahirisha kidonge cha asubuhi ile tu. Nenda kwa daktari wa meno wa hospitali, mtajie dawa kabla hajashika koleo. Na kama hata miezi 3 hujatimiza, kama gego linaweza kusubiri lisubiri.

---

KijanaWaKaratasi

Baba ameruhusiwa leo, kapewa rivaroksabani. Nimempikia wali maharage kabla ya kidonge, wifi zangu wanacheka. Swali moja tu: anataka kurudi kwao Mwanza kwa basi, kutoka Dar. Inakuwaje?

---

Nesi wa Muscat

Hongera, mpe pole baba. Wiki hizi za mwanzo asiondoke, angoje aone kliniki. Akiruhusiwa, dawa zake azibebe mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi. Ashuke kila linaposimama, achezeshe vifundo vya miguu akiwa amekaa, anywe maji hata kama anaogopa kukojoa njiani. Na mkatie kiti cha kwenye njia, cha dirishani wakae wenye usingizi.

---

KijanaWaKaratasi

Anasema cha dirishani ndicho anachotaka. Nitapambana naye.